Dawa ya Kifua cha Pikipiki

Mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, Agosti 1994

Nasambu wa moyo,

Nairobi nzima hakuna mwenye bahati kama mimi: kama nilivyokuandikia, nina pikipiki! Ilikuwa inatema oili kwenye sanduku la hewa mpaka inakohoa moshi. Mafundi walishindwa. Mimi nikaelekeza mpira ambao injini hupumulia kwenye chupa tupu ya dawa, ndani nikashindilia waya laini wa kusugulia sufuria. Oili yote inabaki chupani. Jirani yangu Mativo alicheka, “Luseno, umeinywesha dawa ya kifua!”

Sasa inapumua kama mtoto aliyelala. Nikifumba macho, umenishika kiuno, tunaelea juu ya mapaa ya mabati.

Umeandika kwamba baba yako atapokea posa yangu nikifika na hiyo pikipiki Krismasi. Nasambu, pikipiki ni ya Mativo. Nilikudanganya.

Ni mimi,
Luseno