Deni Nililolipa Bado Linasomwa Mkutanoni

(Majina ya wahusika tumeyabadilisha. – Mhariri)

Bi. Waridi mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu chakula hakipiti na usingizi sina, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hapa kijijini wameshanihukumu wengi bila kunisikiliza. Mimi ni Budeba, mkulima wa mpunga karibu na Rujewa, nilihamia huku na mke wangu Ngolo na watoto na ng'ombe wetu tukitokea Usukumani, na tulipofika hatukumjua mtu hata mmoja, ila karani wa ushirika, marehemu Marcelino, alitupa chumba nyumbani kwake masika yote yale ya kwanza, akanionyesha wapi maji yanatuama na wapi hayatuami, na yeye ndiye aliyenisimamia nikapata plau ya mkopo kwenye ushirika.

Mwaka juzi baada ya mavuno nikauza mpunga nikataka nimalize deni lote, nikaenda ofisini nikaambiwa karani anaumwa, basi nikamfuata nyumbani, nikamkuta amelazwa kwenye mkeka uani anaota jua, amekonda mpaka nikaogopa, mkewe Paskalina anamnywesha uji. Nikampa pesa zile mkewe akiona, akazipokea akasema, "Budeba, stakabadhi nitakuandikia nikipata nafuu, kitabu kiko ofisini." Mtu wa hali ile ningemdai karatasi kwa mdomo gani? Nikasema hakuna neno, ugua pole, nikaondoka. Haikupita wiki wakampeleka hospitali Tosamaganga, na huko ndiko alikofia.

Sasa mwaka huu karani mpya amefungua vitabu, na mkutanoni mwenyekiti wa ushirika akasimama akasoma majina ya wadaiwa, langu likatangulia, na tangu siku ile liko ubaoni nje ya ofisi, mbolea nimenyimwa, maombi yangu ya mkopo wa maksai yametupwa, na mwenyekiti alisema watu wote wakisikia, "Hawa wa kuja ndivyo walivyo, wanakula halafu wanahama." Ngolo alikuwa amekaa na akina mama wenzake, nikamwona anavuta khanga anajifunika uso. Nikasimama nikasema, "Ndugu mwenyekiti, mimi deni lile nililipa." Akaniuliza, "Ulimlipa nani?" Bi. Waridi, nikamwona Paskalina kule nyuma ananitazama, nikakaa chini, na watu wakacheka.

Kesho yake nikaenda kwake. Hakukana. Alilia akasema, "Shemeji, pesa zile ndizo zilizompeleka hospitali. Alisema akipona atazirudisha. Ukisema, kiinua mgongo chake hawatanipa, na wanangu wataitwa watoto wa mwizi. Nakuomba, kumbuka tulivyowapokea." Nikamwahidi kwamba sitasema. Nami nimeishika ahadi, hata mke wangu sijamwambia.

Lakini Ngolo aliniona natoka kule. Akaniuliza, "Baba Nkuba, pesa za mpunga ule ulizipeleka wapi? Na kwa mjane unafuata nini?" Nikamwambia mambo mengine hayamhusu. Sasa amefunga nguo zake na za watoto wadogo, anangoja barabara ikauke arudi kwao. Nimewaza niuze ng'ombe nilipe tena yaishe, lakini nikilipa mara ya pili si ndiyo nimekubali kwamba nilikula? Nikisema, namfukua mtu aliyenipokea. Nishauri, mama yangu, nimekwama.

Ni mimi,
Budeba

JIBU

Budeba,

Pole. Umetukanwa mbele ya watu kwa kosa ambalo si lako, na uliyanyamazia matusi yale kwa ajili ya mtu aliyekutendea wema. Siwezi kukucheka kwa hilo. Hata kumpa mgonjwa pesa bila stakabadhi nakuelewa, ingawa ungemwita mjumbe mmoja wa halmashauri ya ushirika ashuhudie, leo tusingekuwa hapa.

Ila sasa nikugombeze. Ulimwahidi Paskalina kitu kisichokuwa chako peke yako. Jina lile ubaoni ni la Ngolo pia, ni la Nkuba na wadogo zake. Umemtunzia heshima mwenzio kwa kumvunjia mkeo yake, kisha unamwambia hayamhusu! Mwanamke aliyetoka Usukumani kwa kukufuata wewe! Ukiweka gazeti hili chini, mwite, kaeni, mwambie yote kama ulivyoniandikia mimi. Na asipokusamehe siku hiyo hiyo, vumilia.

Ng'ombe usiuze. Umejijibu mwenyewe kwa nini.

Kisha nenda na Ngolo kwa Paskalina, mchana, mlango wazi. Mwambie, "Shemeji, ile ahadi siiwezi. Nitasema nilimpa marehemu pesa ukiwepo, na wewe utaulizwa." Usimtishe, wala usimbembeleze. Usimwite marehemu mwizi, kwake wala kwingine. Wewe sema ulichokiona: mgonjwa alipokea pesa akaahidi kuandika. Yaliyofuata ni ya mjane kuyaeleza, na nadhani ataona nafuu akiyasema. Siri kama ile inamchosha hata aliyeiomba itunzwe.

Baada ya hapo andika malalamiko kwa halmashauri ya ushirika, ueleze ulilipa wapi na nani aliona, na utake jina lako litolewe ubaoni wakati wanachunguza. Wakikuzungusha, panda basi hadi Mbeya kwa ofisa ushirika. Hela hizo ni jambo la ushirika na karani wake, wewe ulishamaliza upande wako. Lakini wakisema wazikate kwenye kiinua mgongo, simama umwombee mjane wakate kidogo kidogo. Na msimu huu mlimie shamba lake. Wema wa Marcelino unalipwa hivyo. Kukubali uongo hakumlipi yeye chochote.

Jambo moja la mwisho, na hili usiwaachie. Watakuja kukwambia wamelifuta, yameisha, nenda nyumbani. Kataa. Jina lako lilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na lifutwe kwa sauti, mkutano ule ule, mwenyekiti yule yule, Ngolo akiwa amekaa na wenzake. Usiinuke mpaka umelisikia.

Bi. Waridi