Mpunga Wako Ulivyomsomesha Rehema

Wifi yangu Mwajuma,

Naanza na habari, salamu utazipata baadaye, maana nikianza na salamu nitalia, na leo sitaki kulia. Rehema ameajiriwa. Mwanao, yule aliyekuwa akikimbilia uvunguni kuku akichinjwa, sasa ni mkunga kwenye zahanati ya Bungu. Jana alikuja hapa Chumbi amevaa gauni lake jeupe la kazi, limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, na kabla hajaingia ndani alipita kwanza makaburini kwako. Mimi nilimngoja barabarani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini anacheka. Anacheka kama wewe, wifi. Kichwa nyuma, meno yote nje. Nilikaa chini palepale kwenye majani.

Sasa kaka yako Seifu yuko msikitini, nyumba imetulia, nami nimeshika kalamu. Unakumbuka tulivyojifunza kuishika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, wewe ukininong'oneza herufi kisha unanicheka nikikosea? Mwandiko wangu bado mbaya. Vumilia.

Rehema aliniuliza jana, "Mkaza mjomba, hivi mama aliwezaje?" Nilimjibu kwa maneno machache tu. Ngoja nisimulie vizuri kwako, ili nikimsimulia yeye nisikosee.

Ilianza na cherehani. Ulisuka mikeka miaka na miaka, ukiuza, ukitia pesa kwenye kopo la maziwa ulilolifukia chini ya kitanda. Ndio wakati ule maduka yalianza kujaa tena. Sabuni ipo, sukari ipo, vitambaa vya kila rangi vinaning'inia mlangoni, na biashara imeruhusiwa kwa kila mtu. Tukaenda Ikwiriri mimi na wewe, tumejitia manukato kama tunakwenda harusini. Mwenye duka alihesabu, akahesabu tena, akasema kwa upole, "Mama, hii ilikuwa bei ya zamani. Kwa hii nakupa doti ya kitenge na chenji kidogo."

Nilidhani utaanguka. Wewe ukachagua kitenge chekundu, ukajifunga mlemle dukani, na tulipotoka ukajizungusha: "Wifi, cherehani yangu inanikaa?" Tulicheka njia nzima hadi watu wakasimama kututazama. Ila tulipokaribia nyumbani ukasema neno ambalo sijalisahau. "Hakuna aliyeniibia. Kopo lilikuwa limefunikwa. Sasa pesa yangu imekwenda wapi?"

Jibu ulilitafuta mwenyewe. Siku moja tulisimama kutazama lori la wanunuzi wa samaki na kamba likitoka huko delta, mto unapoingia baharini, maji yanachuruzika kutoka kwenye barafu, ukanigusa begani. "Umeona? Shilingi ndiyo hiyo barafu. Ukiifungia ndani, unafungua unakuta maji." Kisha ukataja dawa yako: tuweke mpunga. Bei ya vitu ikipanda, na ya mpunga itapanda, kwa sababu hakuna mtu aliyeacha kula wali kwa ajili ya bei.

Ulikwenda kwa kina mama wa mchezo wetu, wale tuliokuwa tukichangiana fedha, ukawasimulia ile barafu, ukawaambia tuache kuchangiana noti. Kila mavuno mwenye shamba alete mpunga. Asiye na shamba alete pesa, na siku hiyohiyo inunuliwe mpunga. Uwekwe kwenye ghala la mwenzetu Bi Somoe, na wakati wa kutoa, kila mtu achukue mpunga wake. Aliyeweka gunia atoe gunia. Bi Somoe aliuliza kwa wasiwasi kama hiyo si riba. Ulimjibu, "Dada, riba ya wapi? Gunia limeingia, gunia limetoka. Kama limekuwa na thamani zaidi sokoni, hilo ni la Mungu." Mzee wa msikiti alipoulizwa naye hakuona tatizo, na wewe ukatembea wiki nzima kidevu juu.

Mimi nilikupinga, na mpaka leo sijutii, maana tulipopingana ndipo tulipoelewana. Nilikuwa nimeanza biashara ya mitumba na pesa ilikuwa inazunguka mkononi mwangu kama pia. Nilikuambia, "Mpunga ukilala ghalani haujifungui. Mtaji wangu unazaa." Ukanitazama kwa ule utani wako wa mawifi. "Zaa tu, mke wa kaka. Lakini mzazi naye anahitaji kitanda." Nikatoa fungu dogo la faida yangu likaingia ghalani, kusudi uninyamazie.

Halafu likaja lile belo, robota la mitumba. Ee, wifi! Nilitia karibu mtaji wote, nimelisafirisha kutoka Dar es Salaam, nimeita watu walione likifunguliwa. Tukakata kamba, likaruka koti. Koti la baridi, zito, la manyoya shingoni. Chini yake koti jingine. Na jingine. Belo zima makoti ya theluji, hapa Rufiji, ambako hata kanga ikizidi mikunjo unalowa jasho! Watu walicheka hadi wakashikana. Mimi nilisimama nimeshika mkono wa koti kama ninasalimiana na mtu. Wewe hukucheka. Ulinishika mkono ukanipeleka hadi kwa Bi Somoe, ukamwambia afungue ghala.

Fungu langu dogo, nililoliongeza kila mavuno, lilikuwa pale. Ilikuwa masika, vyakula vimeadimika, na mpunga ulikuwa umepanda pamoja na kila kitu kingine, belo la mitumba likiwemo. Kama pesa niliyoiweka ingekuwa bado noti, isingenunua hata nusu belo. Lakini ilikuwa mpunga, na mpunga ulinunua belo. Lile la pili lilikuwa la mashati, alhamdulillahi. Na makoti je? Wewe ndiye uliyeyauza! Ulikwenda kwa wanaume wanaolala kwenye madungu, vile vichanja virefu, kule bondeni kulinda mashamba dhidi ya nguruwe mwitu, wanaotafunwa na umande na mbu, ukawavisha. Mwaka ule walinzi wa Chumbi walikaa juu ya madungu yao kama mabalozi.

Baada ya hapo sikubishana tena kama mpunga una nafasi. Tulibishana nafasi yake ni kubwa kiasi gani.

Kisha homa ikakuchukua. Haikukaa. Juzi yake tulikuwa wote tunachambua mchele… Siandiki hapo. Wewe unajua.

Yaliyofuata ndiyo usiyoyajua. Siku ulipokufa Rehema alikuwa ameshapata nafasi chuo cha uuguzi, na ilikuwa lazima tuchangie ada, mambo ya siku hizi. Baba yake alikwishatangulia, hana pa kushika. Baada ya arobaini yako wanachama walikutana uani kwa Bi Somoe kuzungumzia fungu lako. Mumewe, Mzee Mkumba, akasema, si kwa ubaya, ndivyo alivyoona haki, "Tukadirie marehemu aliweka mpunga wa shilingi ngapi wakati ule, tumpe mtoto shilingi hizo." Kwa shilingi hizo Rehema angefika chuoni na kugeuza.

Nilifungua mdomo, lakini Bi Somoe alinitangulia. Unamjua, hapendi kumpinga mumewe mbele za watu. Alisimama, akakaza kanga kiunoni. "Baba Omari, marehemu hakutuletea shilingi. Alituletea mpunga. Nitamwambia nini siku nikikutana naye, kwamba nilimlipa barafu?" Halafu nani alianza kucheka? Mzee Mkumba mwenyewe! Alicheka hadi kofia ikadondoka. "Basi mpeni mpunga wake. Na baiskeli yangu ibebe."

Baiskeli haikutosha, wala hatukuitaka. Tuliubeba sisi, wifi. Kina mama wote wa mchezo, magunia tumeyagawa kwenye madebe na nyungo, kila mmoja na wake kichwani, tukaupitisha mpunga wako katikati ya Chumbi mchana kweupe tukiimba. Tulitoka kwenye msiba, nyuso bado zimevimba, na bado tuliimba. Watoto walitufuata, abiria wa basi la kwenda Kibiti wakachungulia madirishani wakidhani ni harusi. Rehema alitoka mlangoni akauona mpunga unakuja, mstari mrefu, akaweka mikono kichwani. Kaka yako, ambaye hujawahi kumwona akilia, akamwambia, "Mpwa wangu, sehemu yangu ya mirathi ya mama yako nimekuachia. Kasome." Akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimwacha huko.

Baada ya kumkabidhi, tuliurudisha ghalani kwa jina la Rehema, tukawa tunauza kidogo kila ada ikifika. Na hapa ndipo akili yako ilipoonekana. Chuo kilipandisha ada, tukashtuka. Tulipokwenda sokoni, mpunga nao ulikuwa umepanda. Ulikuwa unapanda na Rehema ngazi ileile, kama mama anayemshika mtoto kiwiko.

Lakini usijivune bado. Mwaka wa mwisho wa Rehema chuoni mto ulifurika. Maji yaliingia ghalani na magunia ya chini yakalowa. Tuliutandaza mpunga kwenye mikeka barabarani, malori yakawa yanatuzunguka kwa honi na matusi, na mwingine ulikuwa umeshaota majani mabichi. Ule tulioweza kuuanika tuliuokoa. Wa Rehema uliharibika sehemu kubwa, na pesa ya ada ya mwisho ikapelea. Unajua nani alijazia? Mashati yangu! Biashara ile uliyosema inahitaji kitanda. Nililipa nikiwa nacheka, nikasema kwa sauti pale sokoni, "Mwajuma, leo tumetoka sare." Mnunuzi mmoja aliacha shati akaondoka, akidhani nimepungukiwa akili.

Kwa hiyo jana Rehema alipotoa mshahara wake wa kwanza na kusema anataka wote uwe mpunga kama mama yake, nilimwambia hivi, na kama nimekosea utanisamehe. Nilimwambia, mpunga wa mama yako hautakufanya tajiri, mwanangu. Kazi yake ni kuhakikisha jasho la leo linakuwa bado jasho kesho. Weka fungu humo, usilale bila hilo. Lakini fungu jingine liache litembee, lifanye biashara, lihangaike. Mto haumwulizi mtu ameweka nini. Alifikiri kidogo, akanijibu, "Na kidogo ninunue viatu." Nikajua ni mwanao kwelikweli.

Tulikwenda kwa Bi Somoe pamoja. Ghala tumelijenga upya, sasa liko juu ya nguzo. Rehema alimimina mpunga wake wa kwanza kwa mikono yake, na vigelegele vilivyopigwa nadhani vimekufikia.

Nakukosa, wifi. Nakukosa sana kwenye mambo ya kuchekesha kuliko hata ya huzuni. Jambo likitokea nageuka upande wako, na upande ule hakuna mtu.

Basi pokea salamu nilizokuwekea. Za kaka yako, za Bi Somoe, za Mzee Mkumba na kofia yake. Nakuahidi Rehema hatakosa mama maadamu mimi napumua, na siku atakapojifungua yeye, mkunga wa wenzake, mimi ndiye nitakayekaa naye uzazini. Mola akulaze pema, akupanulie kaburi lako, akutie nuru.

Huko uliko hakuna soko wala bei, na kopo la mtu haliyeyuki. Pumzika sasa. Huku nyuma tutabishana sisi.

Wifi yako,
Zuhura