Blanketi la Mama Mkwe wa Lobulu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya Ngarenaro? Mimi mzima, ila moyo umenipasuka wiki hii, na naomba ukae kwanza ndipo usome.

Unajua kazi yangu hapa Uskochi ni kukagua tatani, vitambaa hivi vya miraba. Kila ukoo una yake. Nahesabu nyuzi za kila mstari, kisha nalinganisha na kitabu cha sampuli. Ukikosea mstari mmoja mwembamba, umemvika mtu ukoo wa jirani yake. Nilipoanza, zote nilikuwa naziona shuka za Kimasai tu.

Sasa lile blanketi la posa ya kaka Lobulu, zawadi ya mama mkwe wake. Uliniambia mwenyewe, "Usilete jekundu, wakwe watasema tumelitoa sokoni Kwa Mrombo." Basi nikakimbia kila chenye wekundu. Kiwandani kulikuwa na mawili ya miraba myeusi na myeupe, yanafanana kama mapacha, ila moja lina uzi mwekundu katikati. Nikaliacha hilo, nikawatumia lile lingine. Nilijiona mjanja kweli!

Alhamisi nikamwonyesha Morag, anayenifundisha kazi, picha ya mama mkwe wa Lobulu kajifunika blanketi letu uani kwake Nduruma. Morag akaweka kikombe chini.

"Huyu mama amefiwa?"

Ni kweli alimzika mumewe mwaka jana, lakini Morag kajuaje? Akafungua kitabu, ukurasa ambao sijawahi kuufikia. Mama, lile ni la msiba! Watu wa hapa walilivaa kwenye matanga tu. Ule uzi nilioukwepa ndio unaolifanya la sherehe. Yaani mjane wa watu, siku yake ya kwanza ya furaha, sisi tumempelekea kilio!

Sikula siku mbili. Niliona posa inavunjika, na Lobulu ananinunia hadi uzeeni. Nikanunua lile lenye uzi ili mbadilishe kimyakimya. Lakini Jumapili nikashindwa kuvumilia, nikampigia simu huyo mama mkwe mwenyewe, nikakiri yote.

"Mwanangu," akasema, "tangu nizike, kila mtu ananiletea vitenge vya maua, ananiambia nichangamke. Hilo lako ndilo la kwanza lililoniacha nilie. Halirudi."



Kwa hiyo la uzi mwekundu, lililomo humu kwenye kifurushi, ni lako. Siku ya harusi jifunike, ukae karibu naye. Watu watasema mmevaa sare, nanyi waacheni waseme.

Nisalimie Lobulu bwana harusi, baba mdogo na ng'ombe wake, na shangazi wa kwaya. Na mama wa Nduruma mpe shikamoo yangu ana kwa ana, kwa mikono miwili.

Ni mimi binti yako, ambaye sasa anahesabu nyuzi mara mbili,
Upendo