Nimeambiwa Nilale, Wateja Wamenifuata Kitandani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla mume wangu hajabadilisha kufuli la mlango wa mbele, na tafadhali usinicheke, au kama ni lazima basi cheka kwanza umalize ndipo unijibu.

Mimi ni msusi, watu wananiita Vidole, hata mama mkwe ananiita Vidole, na sijisifu nikisema kwamba wapo wanawake wakubwa tu, wenye ofisi zao na waume zao, ambao hawakubali kichwa chao kiguswe na mtu mwingine. Nina saluni ninayoiendesha na wifi yangu, ambaye naye ni msusi lakini ana mkono mzito, akikusuka nyusi zinapanda juu na unaonekana umeshtuka mpaka wiki iishe, kwa hiyo yeye huwa namwachia kuosha na kukausha, na amekasirikia jambo hilo tangu tufungue. Pale saluni kuna sheria moja, niliiweka mwenyewe, kwamba kichwa kikianzwa na mkono huu kinamaliziwa na mkono huuhuu, kwa sababu kila msusi anavuta kwa nguvu yake, na mkichanganya mikono upande mmoja unalegea mapema na mteja anarudi kukutukana mbele za watu.

Sasa mshauri nina mimba. Si ya kwanza, ila ndiyo ya kwanza kufika huku ilipofika, mbili zilizotangulia zilitoka zikiwa changa na hizo naomba tusiziongelee. Hii imekua mpaka inanipiga mateke nikiinama, na ndipo daktari aliponipima kwa ile mashine yao ya picha akasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia, naweza kutoka damu wakati wowote, basi niache kazi, nilale kwa ubavu, nijiandae kujifungua, na nikiona damu hata tone niende hospitali saa hiyohiyo. Nikamuuliza kuacha kazi maana yake kuacha kabisa au kupunguza, akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nasuka, daktari."

"Ukiwa umekaa au umesimama?"

"Nasimama."

"Basi acha."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, mshauri, kwa sababu mimi nilitoka pale nimeelewa kwamba tatizo ni kusimama.

Nikaenda nyumbani nikalala kweli, wala sikudanganya, nikaangalia dari mpaka nikaijua kila doa. Halafu akaja bi harusi mmoja ambaye nilimwacha katikati siku ile ya daktari, upande mmoja umesukwa vizuri, upande wa pili umetimka, kajifunga kitambaa, analia, harusi yake ni Jumamosi na hamtaki wifi. Ningefanyaje? Nikamwambia akae chini pembeni ya kitanda, nikaona simfikii bila kuinama, nikamwambia panda. Akapanda, akalala kwa ubavu, amenipa mgongo, nami nimelala kwa ubavu nyuma yake kama nilivyoagizwa na hospitali, nikasuka. Ulitoka msuko ambao sijawahi kuusuka tangu nianze kazi hii.

Bi harusi akaenda akasema. Watu wana midomo. Akaja karani wa mahakama, akaja muuza dawa, akaja jirani ambaye miaka yote alikuwa anasema bei zangu za kujivuna, na sasa sebuleni kwangu kuna foleni, wanakuja na mito yao wenyewe, na wapo wanaolala usingizi kabisa katikati ya kazi, karani anakoroma, na siwezi kumwamsha kwa sababu kichwa chake kikitulia hivyo ndipo kinasukika.

Mume wangu ni fundi wa friji, mtu mpole, haongei sana. Juzi aliumwa kichwa akarudi mchana, akafungua mlango wa chumba chetu akitaka kujilaza kidogo, akamkuta upande wake wa kitanda mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, amevua viatu, anasoma gazeti. Na mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Shikamoo, mwalimu," akasema mume wangu.

"Marahaba, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, nakaribia kumaliza."

Akafunga mlango taratibu, akaenda kulala kwenye kochi katikati ya wateja wawili. Jioni akaniambia, "Mke wangu, mimi nilioa mtu, sikuoa saluni." Anataka nimpe wifi funguo na wateja wote, na tangu hapo amenuna kwa adabu, yaani anasalimia, anapika, anafua, lakini hacheki. Wiki iliyopita aliniletea kitanda cha mtoto, nikamwambia akirudishe dukani, akakirudisha.

Jambo lingine ni dogo lakini niliseme kwa kuwa ni barua. Jana nilipomaliza kichwa cha muuza dawa niliona damu kwenye shuka. Si nyingi. Nikageuza shuka. Ilikoma yenyewe na sikumwambia mtu, maana nikisema watanifungia ndani kabisa. Ninachoomba ni unipe maneno mazuri ya kumwambia mume wangu avumilie nimalizie vichwa ambavyo nimeshavianza, kwa sababu siwezi kumwacha mtu wa watu na nusu kichwa.

Mimi,
Vidole, nikiwa nimelala.

MSHAURI ANAJIBU

Vidole, nimecheka. Nilicheka mpaka pale kwenye shuka, na hapo kicheko kikanikauka mdomoni.

Wasomaji wangu mnajua barua hapa zinangoja zamu. Hii haikungoja. Nilitelemka mbio mpaka chini ya karatasi kutafuta namba ya simu, nikapiga, na huyu bibi akapokea akiongea kwa shida kwa sababu alikuwa amebana chanuo kwa meno. Nikamwambia aende hospitali dakika hiyo. Akanijibu, "Namalizia huku nyuma tu, mshauri." Huku nyuma tu! Nikamwambia ampe simu huyo aliyelala mbele yake. Alikuwa mwalimu mkuu, amerudi kurekebishiwa, na Mungu ambariki huyo mama, kwa sababu hakuuliza mara mbili. Alitafuta gari, akampigia fundi friji njiani, akaingia hospitali na kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, na hakuna aliyekufa kwa kumtazama.

Kwa hiyo, Vidole, najua unasoma haya ukiwa wodini. Umenipa ruhusa niyachapishe, nami nayachapisha kwa sababu kuna wenzako wengi huko nje wanaogeuza shuka. Mwalimu mkuu amenipa habari zote: damu imekoma, mapigo ya moyo ya mtoto yanasikika vizuri, na hao wakunga wamekwambia utakaa hapo mpaka waseme wao. Vizuri. Sasa sikiliza, maana huna pa kukimbilia.

Daktari hakugombana na miguu yako. Aliposema acha kazi alimaanisha kazi, ile inayokufanya unyanyue mikono kutwa nzima, ubane pumzi, ushikilie mkojo kwa sababu hutaki kupoteza mstari. Ukisuka umelala bado unasuka. Wewe ulimsikiliza daktari kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma, na ukaupata, ukapitisha foleni nzima. Na wateja wako nao sitawasifu. Mtu mzima anabeba mto wake kwenda kulala kitandani kwa mjamzito aliyeambiwa apumzike, halafu anakoroma! Karani, ukisoma hapa, ona haya.

Umesema huwezi kumwacha mtu na nusu kichwa. Sawa, sheria yako sitaivunja. Wote ulioanza nao waende kwa wifi, awafumue kuanzia mwanzo, awasuke upya kwa mkono wake mwenyewe. Nyusi zikipanda zitashuka. Wifi yako amekausha nywele za watu miaka yote hiyo akingoja umwamini, na kama ana mkono mzito, ataupunguzaje bila vichwa vya kujifunzia? Mpe funguo leo. Usimwite kila saa kumuuliza anafanyaje, usimwombe picha. Na simu yako ya kazi mpe yeye, kwa sababu nimeambiwa umeshamwangalia nywele jirani yako wa kitanda cha pili na kumwambia zinahitaji kushughulikiwa. Mwache jirani yako na nywele zake.

Mumeo. Mwanamume anayemkuta mwalimu wake kitandani pake na bado akamwamkia ni wa kumshika kwa mikono miwili. Ameshajua kuhusu damu ya juzi kwa kusikia kutoka kwa wakunga, na najua alitoka nje akakaa kwenye ngazi peke yake. Akija leo, mweleze mwenyewe, kwa mdomo wako, uliona nini, uligeuza shuka vipi na kwa nini. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo. Siku utakayoruhusiwa kurudi nyumbani, chumba ni chenu wawili, na mgeni akija aishie sebuleni.

Sasa tuingie kwenye lile ulilolikimbia. Uliandika kurasa juu ya nusu vichwa, na juu ya kitanda cha mtoto ukaandika mstari mmoja: akirudishe dukani, akakirudisha. Basi. Ukaruka. Mimi sikuruka. Vidole, wewe hukuwa unawahurumia wateja. Ulikuwa unaogopa. Ukisuka huwazi, na ukiacha kusuka utalala pale na tumbo lako na kumbukumbu za wale wawili, na ukianza kukunja vinguo vidogo utakuwa umekiri kwamba unamtaka huyu, na umekwishajua mara mbili kutaka kunavyouma. Hilo silicheki. Pole sana, dada yangu. Huenda hakuna aliyekupa pole wakati ule kwa sababu zilikuwa changa bado, basi naitoa mimi leo, na ni ya wote wawili.

Lakini nitakuambia ukweli hata kama utanichukia. Ikitokea mkampoteza huyu, Mungu apishe mbali, utalia vilevile. Uwe umenunua kitanda au hukununua, uwe umeandaa nguo au hukuandaa, machozi hayatapungua hata tone. Umejinyima furaha yake miezi yote hii ukidhani unajiwekea akiba, na akiba hiyo haipo. Mwambie mumeo akachukue kile kitanda. Asikifunge kwenye nailoni wala asikifiche stoo, akiweke wazi chumbani. Mchague naye vitu mkiwa hapohapo wodini, mbishane rangi, mkasirikiane juu ya jina.

Na jambo la mwisho. Nimesoma barua yako tena na tena, nikitafuta neno moja. Umesema "mimba", umesema "hii", umesema "inanipiga mateke". Hujamwita mwanangu hata mahali pamoja. Yeye hajui habari za waliomtangulia, hajui kondo limekaa wapi, hajui kama atafika. Anachojua ni sauti yako, na mpaka sasa amekusikia ukiongea na wateja. Muuguzi akishapita na kuzima taa, weka mkono tumboni umwite mwanangu, kwa sauti, hata kama jirani anasikia. Ukilia, lia, kisha umwite tena.