Siku Mashuka Yalipoondoka Bila Baba

Nyuma ya Duka la Dobi,
Barabara ya Hospitali,
S.L.P. 218.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, na chai yangu iko pembeni inapoa kwa ajili yako. Habari za huko? Shemeji hajambo? Kile kikohozi kimeisha, au bado anakohoa na kulisingizia vumbi? Wapwa zangu wanaendeleaje na shule? Yule mdogo ameshakubali kuvaa viatu? Na mpole wangu, yule wa pili, miguu yake ina nafuu gani? Uliandika kwamba amepata magongo mapya. Mwambie mjomba wake amesema magongo yana kazi mbili, na ya pili ni kumnyoosha kaka yake anapomchokoza.

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linasumbua kukiwa na baridi, kukiwa na joto analisahau. Kaka yetu anaendesha gari la mzigo kama kawaida na anaongea kama kawaida, yaani haongei. Baba ameng'olewa jino. Usicheke, jino hilo limefanya makubwa katika nyumba hii, na nitafika huko nikijaliwa.

Barua yako ya mwisho ilinifikia salama. Nilimsomea Mama, kisha nikamsomea Baba, na sikumfichia hata ile sehemu uliyoandika kwamba anayapenda mashuka ya watu kuliko wajukuu zake. Alikuwa kwenye meza yake ya kukagulia. Aliniacha nikamaliza kusoma, akavuta shuka jingine, akaendelea kulipapasa. Dada, niliumia kwa ajili yako na kwa ajili yake pia. Najua mpole wangu hawezi kukaa ndani ya basi safari ya siku mbili, kwa hiyo anayetakiwa kuja ni Babu. Na kila mwaka Babu anasema atakuja kazi ikipungua.

Sasa nikuambie kwa nini kazi ilikuwa haipungui, maana wewe uliondoka kabla mambo hayajawa mabaya. Unaikumbuka ile sindano iliyokuja imejificha ndani ya shuka la wodini, ikamchoma Mama kiganja wakati anakunja. Unakumbuka tulivyosubiri majibu ya vipimo, Baba hali wala halali. Majibu yalikuja mazuri, lakini Baba hakurudi kuwa yule wa zamani. Aliweka meza katikati ya chumba cha kukunjia, akasema hakuna kitambaa kitakachotoka hapa bila kupita chini ya vidole vyake. Tukaona ni sawa. Nani angembishia mtu aliyeogopa kiasi kile?

Tatizo ni kwamba hospitali imeongeza wodi, na vidole vya Baba ni vilevile kumi. Tukifua asubuhi, nguo zinakauka kabla ya adhuhuri, zinapigwa pasi, halafu zinalundikwa mbele ya meza kumsubiri Mzee. Akienda msikitini, zinasubiri. Akipata mgeni, zinasubiri. Akikuta doa, anairudisha nguo ikafuliwe upya, wakati imeshakaushwa na kupigwa pasi. Kaka akaona dawa ni kununua ile pasi kubwa ya kusukumia mashuka kati ya magogo mawili ya chuma yaliyopashwa moto. Kweli tukapiga pasi haraka kweli kweli, na lundo mbele ya Baba likapanda mpaka ukimtafuta unaona kofia tu.

Mwezi wa tano Muuguzi Mkuu alikuja mwenyewe, si kwa simu. Alikunywa maji, akawasalimu wazee kwa adabu zote, ndipo akasema kwamba watu waliokwisha kuandaliwa kwa upasuaji wanarudishwa wodini kwa sababu zile nguo za kijani hazijafika. Wanashinda na njaa tangu usiku, halafu wanaambiwa warudi kesho. Alisema angependa kazi ibaki kwetu, lakini mgonjwa hawezi kusubiri dobi. Alipoondoka, Baba alianza kuamka mapema zaidi. Hilo ndilo suluhisho alilolijua, kuzidi kujichosha.

Hapo ndipo nianze kumsifu wifi yako, mke wa Kaka, na nikianza uniache nimalize.

Unajua shemeji yangu huyu alikuwa akikaa dirishani katika ofisi ya maji, miaka yote hiyo anatazama watu wakisubiri. Walipopunguza watu kule, akaja kutusaidia hapa. Mimi nilidhani ataleta mambo ya ofisini, atubandikie matangazo ukutani. Wapi! Aliomba afanye kazi ya kila mtu kwa zamu. Akafua, akasuuza, akaanika, akasimama kwenye pasi na Bi Mvuke, mpiga pasi wetu, mpaka nywele zikamlala kichwani. Bi Mvuke, ambaye huwa hamwamini mtu asiyeungua mkono walau mara moja, akaanza kumwita mwanangu.

Siku moja tulipokuwa tunakula, Kaka akafungua kinywa, ajabu hiyo, akasema labda mimi ndiye mvivu ninayewachelewesha. Kabla sijajitetea, mkewe akamwambia, "Hapa hakuna mvivu. Nguo ndizo zinazokaa kitako."

Nilimpenda pale pale, nikamwongezea mboga.

Angekuwa mwingine, angemwendea Baba na kumwambia aiondoe meza yake. Nyumba ingewaka moto. Yeye alimwendea akamwomba amfundishe kupapasa. Hivyo tu. Baba alijifanya kukataa, akasema si kazi ya kujifunza siku moja, huku ameshamsogezea kiti. Alimfundisha kuliko alivyowahi kutufundisha sisi, namna ya kufumba macho, namna ya kupitisha kiganja kinyume na uzi, namna pindo linavyoficha kitu kuliko katikati. Nilimsikia akimweleza habari za mkono wa Mama. Wifi yako hakuingilia. Alimwacha amalize, kisha akamuuliza kama haingekuwa salama zaidi kwa Mama na kwa wote sindano ikamatwe kule mlangoni, kabla mtu yeyote hajatia mkono kwenye maji.

Swali hilo lilimfanya Baba aliweke shuka chini. Maana ni kweli, sisi tulikuwa tunailinda hospitali dhidi ya sindano ambayo imeshapita mikononi mwetu sote.

Basi Baba akakubali, wakaanza kukagua kule magunia yanapofunguliwa, kwa glavu nene na koleo, juu ya meza ya bati ili chochote kigumu kikianguka kisikike. Doa likionekana, nguo inapelekwa kuloekwa hapo hapo. Wifi akaenda hospitalini pia, akakaa na wauguzi wa zamu akawaomba wakung'ute shuka kabla ya kulitia guniani. Muuguzi Mkuu hakuona haya kufundishwa na dobi. Aliwakusanya watu wake, akasimama mwenyewe akakung'uta la kwanza. Mwanamke yule naye nimemvulia kofia.

Halafu wifi akamwomba Baba awafundishe wote, mmoja mmoja. Kila anayekunja anakagua kazi yake na kuifunga kwa uzi wa rangi yake. Bi Mvuke ana nyekundu, mimi nina ya bluu. Hospitali wakikuta kasoro, uzi unajulikana. Usiniulize uzi wa bluu umerudi mara ngapi. Baba alinung'unika kwamba haraka haraka haina baraka, na Mama akamjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wakatoshana nguvu. Lakini meza ya Baba ikabaki palepale, na bado kila furushi lilipita kwake, maana hakuna aliyethubutu kulipitisha pembeni. Hata wifi hakuthubutu.

Ndipo likaja jino.

Lilimuuma wiki nzima na yeye akisema litapoa lenyewe. Alhamisi ya tarehe nne asubuhi lilimwangusha kabisa, Kaka akampakia kwenye gari akampeleka kliniki. Akatuachia amri kwamba asubiriwe. Saa zikaenda. Mafurushi yakajaa, na zile za kijani zilikuwa juu, zimefungwa, safi. Kaka alirudi na gari peke yake, Baba yuko kwenye foleni. Tukatazamana. Mama akarudia kukunja alichokwisha kukikunja, Bi Mvuke akaifuta pasi iliyokuwa safi, na mimi ghafla nikaona kucha zangu zinahitaji kutazamwa. Wifi yako akapita furushi kwa furushi, akagusa kila uzi, akamuuliza kila mwenye uzi mbele ya wenzake kama angemlaza mama yake mzazi juu ya shuka hilo. Kila mtu akajibu ndiyo. Nami nikajibu, baada ya kufungua langu moja na kulitazama tena. Akamwambia mumewe, "Pakia. Baba akiuliza, ni mimi niliyesema."

Gari likaondoka, nami nikalisindikiza mpaka barabarani.

Baba alirudi alasiri kwa miguu, shavu limejaa kama mtu aliyeficha limau, kitambaa mdomoni. Chumba kilikuwa cheupe. Meza yake haikuwa na kitu. Alitazama kona zote, kana kwamba tumemfichia mashuka kwa utani. Wifi alisimama mbele yake, akamweleza yote bila kupunguza. Baba akatoka nje kwenye kamba za kuanikia, akampigia simu Muuguzi Mkuu mwenyewe. Hakuweza kusema vizuri kwa ganzi, nikalazimika kumtafsiria. Jibu likawa kwamba mzigo umefika mapema, umekaguliwa, halijarudishwa hata furushi moja, na watu wa kesho asubuhi watapasuliwa kwa zamu yao.

Nilitegemea afurahi. Alirudi ndani akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatoa kitambaa mdomoni, akasema polepole, "Kwa hiyo hamnihitaji tena."

Wifi yako alianza kulia, yeye ambaye hakulia hata ofisi ilipomtoa. Aliyemjibu ni Mama. Hakuacha hata kukunja alichokuwa anakikunja.

"Hawa wanahitaji pasi," alisema. "Mimi ndiye ninayekuhitaji, tangu ile sindano, na bado sijakupata."

Baba aliinama. Baadaye nilimwona amekaa na Mama nyuma, amekishika kile kiganja kilichochomwa sindano. Nikaondoka kwa kunyata kama mwizi.

Kwa siku mbili alikuja kazini, akazunguka, akamrekebisha Bi Mvuke pindo moja, akarudishwa mahali pake kwa heshima. Siku ya tatu alimwita wifi yako mbele yetu. Akamwambia kwamba kazi hii aliipokea kwa baba yake na alikuwa akijiuliza ataiacha kwa nani, kumbe mrithi ameolewa akaletwa nyumbani. Kaka aliguna kwa fahari. Ni maneno mengi hayo kwa Kaka.

Kisha Baba akauliza basi la kwenda kwako linaondoka siku gani.

Wifi, kwa kuogopa kumshtua, akasema labda waanze kwa wiki moja, waone kazi itakwendaje, na akitaka kurudi mapema hakuna ubaya. Baba akatikisa kichwa.

"Wiki ni ya kukagua," alisema. "Mimi siendi kukagua. Andika mwezi."

Watafika kwako Jumatano ya wiki inayofuata, yeye na Mama. Nauli zimeshalipwa, goti la Mama limetafutiwa kiti cha mbele. Nakuomba usimtolee lawama siku ya kwanza, ingawa unazo na unastahili kuzitoa. Amekuwa akiniuliza maswali ambayo siwezi kuyajibu. Mpole anapenda kubebwa mgongoni au anaona amekua? Analala upande gani? Jana nilimkuta peke yake chumbani amelikunja blanketi begani mwake mwenyewe, anajaribu namna ya kumbeba mtoto asiumie miguu.

Msalimie sana Shemeji, na mama mkwe wako, na wapwa zangu wote kwa majina yao ya utani. Wifi yako anakusalimu na anasema mzee ni wako sasa, asirudishwe kabla ya muda. Bi Mvuke na Kaka wanakusalimu, Kaka kwa kutikisa kichwa. Mungu awalinde hapo nyumbani, ampe nguvu mtoto wetu, na awafikishe wazee wetu mikononi mwako wakiwa salama.

Akushikaye moyoni siku zote,
Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba