Kumpeleka Vasanti Hekaluni

Jumatatu, 2 Februari 2015
Zamu ya asubuhi. Mashuka ya hospitali, mikokoteni kumi na mmoja kabla ya chai. Mgongo unauma. Msimamizi amenipa likizo ya wiki mbili, hakuuliza sababu. Nimerudi nyumbani Crystal, mji wetu mdogo huku Marekani, kwa basi, nikala wali wa juzi nimesimama.

Vasanti yuko kabatini, kwenye kopo la shaba, juu ya sweta zake. Miezi minne sasa. Bado sijazoea kusema majivu ya mke wangu. Kwetu Lushoto mtu hachomwi, lakini aliomba, nami niliahidi. Siku mbili kabla ya kufa aliomba jambo jingine: nimrudishe kwenye hekalu lao la mwambani, Sri Lanka, alikokuwa akipelekwa na bibi yake kabla vita havijawafukuza. Hakuwahi kurudi. Niliahidi na hilo.

Ijumaa, 6 Februari
Mizigo. Mina, binti yetu, anataka kubeba kopo. Nikakataa. Tukanuniana. Ana miaka kumi na tisa, na hunijibu kwa Kiingereza hata akinuna. Leo alinijibu kwa Kiswahili: "Ni mama yangu pia." Basi abebe njiani. Mimi nitambeba mlimani.

Droo ya jikoni imejaa mifuko ya plastiki aliyoikunja Vasanti pembetatu, kama sambusa. Sijaweza kutumia hata mmoja.

Jumatano, 11 Februari
Ndege tatu, kisha basi, mwendo wa saa saba. Miguu imevimba. Mwamba unaonekana kutoka dirishani, umesimama wima juu ya bahari, hekalu kileleni.

Naogopa kukosea. Mama mmoja wa kazini, Mtamil kama Vasanti, alinieleza kila kitu: kuvua viatu, kunawa miguu, mwanamume avue shati mlangoni. Nimeandika kwenye karatasi. Nimenunua nazi, ndizi na maua. Nimesoma karatasi mara tatu.

Alhamisi, 12 Februari
Siku mbaya.

Tulipanda asubuhi. Jua kali. Paa wanazurura njiani, hawaogopi mtu. Mtunza viatu, mama mnene mwenye maneno, alimtania Mina kwamba ana miguu ya Marekani, kokoto tu zinamliza. Tulicheka.

Mlangoni nilivua shati. Niliona aibu, kitambi hiki. Kuhani alinyoosha mikono apokee sinia la nazi, ndizi na maua. Kisha akaona kopo nililolikumbatia kifuani. Akairudisha mikono.

Sikujua. Kwetu marehemu huingizwa kanisani, akaombewa, ndipo akapelekwa kaburini. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Kwao aliyekufa hakaribii nyumba ya mungu hata kidogo. Kila Mtamil anajua, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Watu walitupisha. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Nilitoka bila shati, kopo mkononi, kama mwizi.

Kuhani alitufuata nje. Mzee, sauti ya chini. Hakugomba. Aliuliza amefariki lini. Mina anajua Kitamil cha jikoni tu, lakini alimjibu, kisha akanigeukia.

"Anasema miezi minne tumemweka njiani. Anasema Mama amechoka."

Nikakaa kwenye ngazi. Siku zote hizi nilidhani mimi ndiye niliyechoka.

Nililia mbele ya binti yangu. Kuhani alisema apelekwe baharini. Nikamwambia Mina amweleze kwamba mama yake hakuomba bahari, aliomba hekalu, na mimi niliahidi hekalu. Mina alieleza kwa shida, akitafuta maneno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha kidole chini, kwenye maji.

"Anasema hili ni jipya, Baba. La kale Wareno walilibomoa, wakayasukuma mawe baharini. Liko huko chini."

Alituambia tumpeleke huko, tuoge, ndipo turudi.

Ijumaa, 13 Februari
Tulishuka ufukweni chini ya mwamba kulipokucha. Mina alimimina. Mimi nilimshika kiuno, mawimbi yasimwangushe. Majivu mengine yalielea kidogo. Mifupa midogo ilizama papo hapo. Sikutarajia mifupa. Nilisema jina lake mara moja, sikuweza zaidi. Tulisimama mpaka maji yakawa maji tu.

Tulioga na nguo zetu. Tukapanda tena, nywele mbichi. Kuhani alipokea sinia, akavunja nazi. Ndani giza, harufu ya mafuta na kafuri, kengele. Kuta zimejaa moshi. Mina alifumba macho. Mimi sikuomba. Mungu wangu nadhani alielewa. Mikono ilikuwa mitupu, sikujua niiweke wapi.

Jumapili, 22 Februari
Tumerudi Marekani. Ibada ya Kiswahili, mjini Saint Paul. Barafu njia nzima. Nilichelewa, nikakaa nyuma.

Baada ya ibada Mama Eliza, Mtanga mwenzangu, aliniuliza polepole kama sasa nina kaburi la kuzuru. Nilimwambia lipo, ila ni mbali, na lina maji mengi juu yake. Alinishika mkono tukasimama hivyo.

Mina amerudi chuoni. Nilifika nyumbani saa nane mchana, nikavua viatu, nikajilaza bila kula. Nimelala mpaka jioni.