Bunduki Mbili Kwenye Matope ya Sikuda

Kwa Engole,
Sikuda,
Busia, Uganda.
6 Desemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Patience,

Pokea salamu za mapenzi kutoka kwetu sote hapa Sikuda. U hali gani huko kaskazini? Kile kikohozi kimekuachia? Mama yako alitueleza kwamba vumbi la huko limekukaa kifuani, na tangu siku hiyo mke wangu Benedeta hawezi kunywa chai bila kukutaja. Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe, ingawa baada ya mambo ya wiki hii neno hilo nalitamka taratibu kidogo. Mvua imekataa kuondoka. Mpunga umeiva na bonde bado limejaa maji.

Swali lako nimelipata kwa mdomo wa Emmy, yule mwenzako wa mafunzo. Amesema kikosi chenu kinapokea bunduki mpya, na kila askari wa mbuga aseme Jumatatu kama atabaki na ile ya zamani ya pistoni au atachukua hii mpya ya gesi moja kwa moja. Unaniuliza mimi kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, kutengeneza silaha za askari wa wanyamapori. Unataka kujua ipi haitakugomea.

Nimeianza barua hii nikaiacha, nikaianza tena. Naandika mistari kidogo, nasimama, nakwenda kutazama ng'ombe ambao hawana shida yoyote, narudi. Utaniwia radhi kwa mwandiko.

Ungeniuliza mwezi uliopita ningekujibu kwa neno moja: pistoni. Unajua mwenyewe zinavyofanya kazi, lakini wacha niseme ninavyoziona mimi. Kwenye ile ya zamani, gesi ya risasi inasukuma chuma, ndiyo pistoni, na chuma hicho ndicho kinachorudisha nyuma bolti, lile komeo la kufungia risasi, ili risasi nyingine iingie. Moshi na masizi vinabaki huko mbele. Kwenye hii mpya hakuna chuma cha katikati. Gesi inapita kwenye kibomba chembamba na kupuliza hadi ndani ya bolti yenyewe. Ni nyepesi, haikupigi sana bega, na inalenga vizuri kuliko dada yake. Lakini masizi na joto vyote vinaingia tumboni mwake, na mafuta yanakauka upesi. Mimi nilikuwa nikiiona kama mtu anayepika kwenye chumba anacholala.

Basi sikiliza kilichotokea.

Kiboko alipanda kutoka ziwani kwa mto Sio, akaingia kwenye bonde letu la mpunga, akajificha kwenye mafunjo. Alimjeruhi jirani yetu Phillip alipokwenda kufungua maji ya shamba lake. Phillip yuko hospitali, mguu umevunjika, anaendelea vizuri. Watu wakaacha kuvuna. Ndipo wakaletwa askari wawili wa wanyamapori: Ekaju, ambaye nilifanya naye kazi miaka mingi, na huyu Emmy wako. Ekaju alikuwa na bunduki yake ya pistoni, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa kushikwa. Emmy alikuwa na hii mpya, kwa kuwa yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa. Wakalala kwangu.

Mpango ulikuwa wamrudishe mtoni kwa kelele na risasi za hewani, wasimuue isipobidi. Asubuhi wakaingia bondeni, mimi na majirani tukabaki juu ya tuta. Katika kuvuka mfereji Ekaju aliteleza akazama hadi kifuani. Emmy akamshika mkono kumvuta, akaanguka naye. Walipotoka ungedhani ni watu wa udongo, na bunduki zao vivyo hivyo.

Nikawaita, "Rudini mzioshe!"

Ekaju akacheka. "Mzee, hii yangu nimelala nayo kwa matope kabla huyu kijana hajazaliwa. Wewe mwambie yeye na hiyo bunduki yake laini kama redio."

Na mimi nikacheka pia. Nilikuwa upande wa Ekaju kabisa.

Sasa, Benedeta tulikuwa tumemwambia abaki nyumbani. Unamjua. Alikumbuka ndama aliyekuwa amefungwa ukingoni mwa bonde, akazunguka kwa nyuma kwenda kumfungua bila kumwambia mtu. Mimi niliona kitambaa chake chekundu tu, na wakati uleule mafunjo yakafunguka. Patience, watu husema kiboko ni mzito. Sikuona uzito wowote. Alikuja kama lori la mpakani Malaba lililokatika breki.

Ekaju alikuwa karibu zaidi. Alilenga, akapiga. Risasi moja ikatoka. Akavuta tena triga, kimya. Nilimwona anapiga ule mpini wa bolti kwa kiganja, hauendi mbele wala nyuma. Matope yalikuwa yameingia kupitia ule mwanya ambamo mpini unatembea, yakajaa ndani. Bunduki niliyoisifu maisha yangu yote ilishikwa na udongo wa shamba langu mwenyewe.

Benedeta hakukimbia. Alisimama ameshika kamba ya ndama, mdomo wazi.

Emmy akapiga. Nikasema moyoni, hiyo ni moja, sasa itakwama. Ikapiga tena. Na tena. Ile bunduki imefungika vizuri pembeni, matope hayakupata pa kupenya, na machache yaliyokuwa kwenye tundu la kutolea maganda gesi iliyatema nje. Akaendelea kupiga mpaka yule mnyama akageuza kichwa, akapita kando ya Benedeta karibu kiasi cha kumrushia maji usoni, akaingia mfereji na kupotea kwenye mafunjo ya upande wa pili.

Nilifika kwa mke wangu sijui kwa miguu ipi. Aliniambia, "Engole, ndama ameumia?" Ndama alikuwa anakula majani.

Jioni hiyo kituoni Sikuda, pale madukani, kila mtu alikuwa fundi wa silaha. Hii mpya ndiyo bunduki, ile ya zamani ipelekwe kwa wauza vyuma chakavu. Ekaju alikaa peke yake akiosha yake kwa maji na mafuta. Ilipokwisha kuoshwa ilifanya kazi kama kawaida, kama haijafanya kosa lolote.

Lakini kiboko alikuwa bado yuko huko, tena ana majeraha. Siku zilizofuata walimsaka kando ya mto. Emmy alipiga risasi nyingi za kumtoa kwenye maficho, na kwa kuwa bunduki yake ilikuwa imekuwa shujaa, aliifuta nje tu kwa kitambaa. Mimi sikutulia. Kila nilipokaa niliona kile kitambaa chekundu. Mwishowe nikamwomba Ekaju, ambaye ndiye mkubwa wake, aniruhusu niifungue. Emmy akatoa risasi zote mbele yetu, akanipa.

Niliitoa bolti. Ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria, kavu, haina tone la mafuta, na masizi yameganda hata kucha haiyatoi. Nikaisukuma kwa kidole. Ikaenda nusu, ikasimama.

"Leo asubuhi ilikuwa inapiga," Emmy alisema.

"Kesho asubuhi je?"

Aliitazama tena ile bolti. Kisha akaketi chini hapohapo, akaomba kitambaa, tukaisafisha pamoja. Ni kijana mzuri, usimcheke ukimwona.

Juzi ilikuja habari kutoka ng'ambo kwamba watu wa upande wa Kenya wamemkuta yule kiboko amekufa kwenye matete karibu na ziwa. Watu wamerudi kuvuna. Ekaju amekwenda kwao. Kila mtu amepumua isipokuwa mimi, maana mimi namfikiria mtu mwingine kwenye mbuga za huko kaskazini, na Emmy anaondoka kesho akiwa na barua hii.

Kwa hiyo jibu langu si lile ambalo ningekupa zamani, na si lile la kituoni pia. Huku kwetu kwenye matope ningekupa ya Emmy. Lakini wewe huko unatembea siku nyingi mbali na kambi, mafuta mnayabeba kidogo, jioni umechoka na maji ni ya kunywa tu. Bunduki ya gesi moja kwa moja haikatai vumbi, inakataa kusahauliwa. Ya pistoni itakuvumilia ukilala bila kuisafisha, mradi usiizamishe kwenye matope na uufunge ule mwanya wa mpini kwa kifuniko chake kila wakati. Kama nyinyi mna mafuta ya kutosha na kamanda anayekagua, chukua mpya. Kama hamna, baki na ya zamani, hata kama wenzako wataiita jembe. Na yoyote utakayochukua, tazama magazini zake, vile vikasha vya risasi. Nimeona bunduki nyingi zikilaumiwa kwa makosa ya magazini iliyobonyea.

Nilidhani hapo nimemaliza. Nikamsomea Benedeta. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akaniuliza, "Na zote mbili zikigoma, mtoto afanye nini?"

Nikaichukua tena kalamu. Miaka yote ile kwenye chumba cha silaha nilijibu maswali ya bolti, ya mtutu, ya springi. Hilo hakuna askari aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumwambia hata mmoja.

Nisalimie kamanda wako na wenzako wote. Mama yako Asio na baba yako Oboth wanakusalimu kutoka Nagongera. Dada yako Peace amejifungua salama na mtoto ameitwa Abbo. Shemeji yako Okedi anakusalimu, na Phillip pia kutoka kitandani kwake. Mungu akutangulie kwenye kila njia unayoikanyaga, na akurudishe kwa njia hiyohiyo.

Na hili ndilo jibu la swali la Benedeta, ulishike kuliko yote niliyoandika: itupe chini ukimbie, binti yangu. Wakikuuliza bunduki iko wapi, waambie mjomba wako atakuja kuitafuta mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako, ambaye hatatulia mpaka akuone,
Engole